Sorafenib: Miezi Mitatu Inayobezwa

Sorafenib, dawa ya saratani ya ini, ikitajwa tu, kuna atakayeuliza: fedha zote hizo kwa miezi mitatu zaidi ya kuishi? Ana haki ya kuuliza. Katika utafiti wa SHARP, uliochapishwa 2008, wagonjwa 602 wa saratani ya ini iliyokwisha kukomaa waligawanywa makundi mawili. Waliomeza dawa waliishi miezi 10.7, waliomeza vidonge vitupu 7.9. Uvimbe ulisinyaa kwa asilimia 2 tu ya waliotibiwa.

Lakini dawa hii haikutengenezwa kusinyaza. Molekuli yake ni ndogo, hupenya ndani ya seli na kukata amri zinazoichochea igawanyike. Pia huuzuia uvimbe kujioteshea mishipa ya damu. Picha ya CT ikionyesha uvimbe uko palepale, hayo ndiyo mafanikio yenyewe.

Na hiyo 10.7 ni ya mgonjwa wa katikati ya orodha. Nusu ya wenzake walimpita. Mwaka ulipotimia, waliokuwa hai ni asilimia 44, dhidi ya 33 kwa wasiopewa. Watu 11 zaidi katika kila 100! Tena kabla yake hakuna dawa iliyowahi kuthibitika kuwaongezea maisha wagonjwa hao.

Madhara yapo. Mtu huharisha, viganja na nyayo huchubuka hadi kushika kikombe cha chai ni mateso. Tangu 2020 dawa mbili zinazotolewa pamoja, atezolizumab na bevacizumab, zimeipiku, ila hizo ni dripu za hospitali kila wiki tatu. Sorafenib humezwa nyumbani.

Kinachouma zaidi ni bei, nayo si amri ya Mungu. Machi 2012 India iliipa kampuni ya Natco leseni ya lazima, yaani ruhusa ya kuitengeneza bila ridhaa ya Bayer, kampuni yenye hataza, na dozi ya mwezi, iliyouzwa na Bayer kwa takriban rupia 280,000, ikashuka hadi chini ya 9,000. Molekuli ni ileile.

Wapo wanaosema bora fedha ziende kwenye chanjo ya homa ya ini B, ugonjwa unaoweza kuleta saratani hii. Naam, ziende. Ila chanjo humkinga mtoto anayezaliwa leo. Baba yake aliyeambukizwa utotoni haimsaidii tena. Kama ini lake bado linafanya kazi (na wengi wetu hufika hospitali ini limeshachoka, tumbo limejaa maji), kwa bei ya Natco sioni sababu ya kumnyima.