Wanawake wawili wawili katika tenisi: je, seti ya tatu ichezwe yote?

Malindi ina Waitaliano wengi, na ushindi wa Sara Errani na Jasmine Paolini hupokewa hapa kama ushindi wa majirani. Jumapili ya tarehe 8 Juni 2025, siku ile ile ambayo Jannik Sinner alishindwa katika fainali ya wanaume ya Roland Garros, mashindano makubwa ya Paris, wanawake hao wawili walitwaa taji lao kwa kuwafunga Anna Danilina na Aleksandra Krunić 6-4, 2-6, 6-1. Miezi kumi kabla yake, katika viwanja hivyo hivyo vya Paris, waliwafunga Mirra Andreeva na Diana Shnaider 2-6, 6-1, 10-7 na kuiletea Italia dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika tenisi.

Tofauti ya matokeo hayo imo katika tarakimu za mwisho. Kwenye Olimpiki, baada ya kila jozi kushinda seti moja, seti ya tatu haikuchezwa. Mahali pake palikuwa na taibreki, yaani mchuano mfupi wa kufikia pointi 10 kwa tofauti ya pointi mbili. Mashindano ya kila wiki ya WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake, hufuata utaratibu huo na hukaza zaidi, kwa kuwa gemu, yaani sehemu ndogo ya seti, ikifika sare ya 40 kwa 40 huamuliwa kwa pointi moja tu. Katika Grand Slam, yaani mashindano manne makubwa kama Roland Garros na Wimbledon, wanawake watu wazima wawili wawili huicheza seti ya tatu nzima.

Wanaotetea ufupi wana hoja nzito, na sioni haki kuwapuuza. Mwandalizi wa mashindano anahitaji kujua uwanja utakuwa wazi saa ngapi, na mchezaji nyota wa mmoja mmoja hatakubali kuingia katika mashindano ya wawili akijua huenda akabaki uwanjani kwa muda wa saa tatu katika usiku wa kuamkia nusu fainali yake. Ushahidi ni Paolini mwenyewe, ambaye mwezi wa Mei 2025 alishinda taji la mmoja mmoja la mashindano ya WTA ya Rome, na kesho yake akashinda tena akiwa na Errani. Hapa Malindi pia, kijana anayefuatilia mechi kwenye simu kabla ya kuingia zamu ya jioni hotelini atakwambia kwamba anaupenda mchezo unaomalizika akiwa bado anautazama. Watu wa aina yake ndio watazamaji ambao tenisi ya wawili inawatafuta, na hoja yao haipaswi kudharauliwa.

Hata hivyo, tuitazame kwa karibu ile taibreki ya Paris. Ilikuwa na pointi 17, maana yake kila mmoja wa wachezaji wanne alipiga sevu, yaani mpira wa kuanzisha pointi, katika pointi nne au tano tu. Seti ya tatu ya Juni 2025 ilikuwa na gemu saba, hivyo pointi zisizopungua 28, na humo ndimo Waitaliano, waliokuwa wametoka kupoteza seti kwa 2-6, walipata nafasi ya kuubadilisha mchezo. Mchezo wa wawili hujengwa kwa kusomana: nani asogee wavuni, nani abaki nyuma, lini mwenzako akatize njia kuuwahi mpira usio wake, mpinzani yupi hurudisha mpira upande ule ule kila anapobanwa. Kwa wanawake jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu sevu haitawali kama inavyotawala kwa wanaume. Gemu huvunjwa mara nyingi, yaani anayepiga sevu huipoteza, na pointi huchukua mipigo mingi. Kukata seti ya tatu ni kukata sehemu ambayo maarifa hayo yanalipa.

Lipo jambo linalonizuia kuwa mkali kupita kiasi. Julai 2022 Angella Okutoyi, akicheza na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, alishinda taji la wasichana wawili wawili la Wimbledon, na kuwa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam, japo la vijana. Waliwafunga Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko 3-6, 6-4, 11-9, kwa taibreki. Kenya ingefurahi vile kama ingechezwa seti nzima? Hakuna awezaye kusema, na furaha ile haikuwa ya bahati, kwani kuhimili 11-9 kunataka moyo. Lakini mfano huu unaonyesha kwamba ufupi huwafaa pia wale wasiopewa nafasi kubwa.

Fedha hazihitaji maelezo marefu. Wimbledon 2025 bingwa wa mmoja mmoja alipata pauni 3,000,000, na jozi bingwa ya wanawake pauni 680,000 za kugawana. Kwa pengo hilo, kumtaka nyota ajichoshe kwa seti ya tatu kila wiki ni kumtaka mengi.

Kwa hiyo naukubali ufupi katika mizunguko ya awali ya mashindano ya kila wiki. Fainali ni suala jingine: siku hiyo hakuna mzunguko mwingine wa kuhifadhia nguvu, ratiba ya uwanja imepungua, na aliyekata tiketi amekuja kuona nani bora. Fainali za mashindano ya kila wiki ya WTA zichezwe seti ya tatu nzima, na fainali ya Olimpiki ya Los Angeles 2028 vilevile, hata ikibidi mechi ianze mapema kwa muda wa saa moja.