Gavana wa Benki Kuu: tunabishana nani kamteua, nani anamkagua hatuulizi

Kila ukitajwa ugavana wa BoT, yaani Benki Kuu ya Tanzania, mjadala unakuwa ule ule, huyu mtu wa Hazina, huyu mtu wa Ikulu, ataweza kweli kumkatalia bosi wake wa jana? Na kweli Emmanuel Tutuba aliteuliwa Januari 2023 akitokea ukatibu mkuu Wizara ya Fedha, kwahiyo swali lina msingi. Benki Kuu ndo inatoa noti na ndo inatunza akaunti za serikali, hela ikikata serikalini macho yote yanageukia huko. Zimbabwe benki kuu yao ilichapa weee kulipia matumizi ya serikali mpaka Januari 2009 wakawa na noti ya dola trilioni 100, ambayo haikuweza kununua kitu cha maana.

Ila mi naona tunaangalia CV kuliko inavyostahili.

Daudi Ballali alikuwa mtu wa IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) kabisa, kaingia BoT 1998, kwa vigezo vya wanaotaka mtaalamu asiye na mwanasiasa nyuma yake huyo alipita vizuri tu. Humo humo kwenye kipindi chake ndo likatokea la EPA, ile akaunti ya madeni ya nje iliyokuwa BoT, shilingi bilioni 133 zikatoka mwaka wa fedha 2005/06 kwenda kwa makampuni 22, mengine kwa nyaraka za kugushi. Rais Kikwete akatengua uteuzi wake Januari 2008, na Ballali akafariki mwaka huo huo kabla kesi hazijafika mahakamani, kwahiyo sisemi yeye ndo alikula, nachosema ni kwamba hela ya namna ile ilipita kwenye jengo lililojaa wasomi na bodi ipo.

Geuka Kenya sasa. Kamau Thugge kabla ya ugavana 2023 alikuwa mshauri wa Rais Ruto, nyuma zaidi katibu Hazina, yaani mtu wa serikali damu damu. Kafanya nini? Kapandisha riba ya benki kuu hadi asilimia 13 Februari 2024, na riba ikipanda hivyo anayeumia wa kwanza ni serikali yenyewe inayokopa kwa hati za muda mfupi za Hazina kila wiki. Sio kazi ya kibaraka hiyo.

Kinachonikera mimi ni kifungu ambacho hakizungumzwi kabisa: kwa sheria ya BoT ya 2006 gavana ndo mwenyekiti wa bodi. Bodi inatakiwa imhoji gavana, alafu anayeongoza kikao ni gavana, na katibu mkuu wa Hazina naye ni mjumbe humo humo! Kenya wametenganisha, mwenyekiti ni mtu mwingine, na gavana anapitishwa na bunge kwanza. Wanaotetea mfumo wetu wanasema mabosi wawili wataleta mvutano na maamuzi ya riba hayasubiri, hoja nzuri, lakini kamati ya riba Kenya inakutana kila baada ya miezi miwili na sijaona imekwama kwa sababu ya mwenyekiti wa bodi.

Tuwe fair, BoT wamejitahidi. Mfumuko wa bei umekaa kwenye asilimia 3 hivi, tangu Januari 2024 wanatangaza riba yao waziwazi, walianza na 5.5, ikaenda 6, Julai 2025 ikashuka 5.75. Tatizo mama wa genge haioni hiyo 5.75, benki anakuta kwenye 15 huko na wanataka hati ya nyumba, anaishia kwenye mikopo ya mtaani ya riba kubwa, kausha damu, anaacha kadi yake ya benki na namba ya siri kama dhamana. Mwishoni mwa 2024 BoT walifungia apu 69 za mikopo zisizo na leseni, sawa, ila nani aliwauliza zilifikaje 69 kabla hawajashtuka? Bodi ingeuliza, lakini ndo hivyo, mwenye kiti ndo mwenye majibu.