Noti ya trilioni 100: kabla hujailipia

Mwambie mtu kwamba unakusanya noti za nchi zilizopigwa na mfumuko wa bei, naye atakuuliza kwanza kama unayo ile ya dola trilioni 100 ya Zimbabwe. Ina sufuri 14, mbele miamba ya Chiremba iliyobebana, nyuma maporomoko ya Victoria na nyati. Ilitoka Januari 2009. Februari mwaka huohuo benki kuu ikafuta sufuri 12 kwenye sarafu yake, trilioni 1 ikawa dola 1.

Wanaosema inafaa kununuliwa wana hoja nzito. Hakuna grafu ya uchumi inayomwingia mwanafunzi kama karatasi hii ikiwa mkononi mwake. Bei yake nayo imepanda mara nyingi tangu 2009, maana haichapishwi tena na watalii wanaofika Victoria Falls huzinunua kwa wachuuzi wakaondoka nazo. Aliyewahi alifaidika, hilo halina ubishi.

Faida hiyo ndiyo iliyozaa uongo. Wapo wauzaji wanaowashawishi watu, hasa Marekani, waweke mabunda ya noti hizi wakidai kuwa siku moja zitakombolewa kwa thamani kubwa. Hesabu hiyo ilishafungwa. Kati ya Juni na Septemba 2015 benki kuu ilizikomboa noti za 2008 kwa kiwango cha dola 1 ya Marekani kwa kila dola trilioni 250, kwa hiyo trilioni 100 ilipata senti 40. Tangu hapo thamani yake ni kile tu mkusanyaji mwenzako yuko tayari kutoa.

Hoja nyingine inauma zaidi. Katika ukombozi huohuo, aliyekuwa na salio benki lisilozidi kwadrilioni 175 (yaani trilioni 175,000) alilipwa dola 5 tu. Hayo ndiyo yaliyobaki ya akiba ya watu. Je, ni haki kuitundika karatasi ile ukutani kama pambo? Kwangu, ikitundikwa peke yake inageuka kichekesho, na sikipendi. Ikiwekwa pamoja na zilizoitangulia, inasema kilichowapata watu. Anza na hundi za 2003 zilizotumika badala ya noti, zikiwa na tarehe ya mwisho wa matumizi kama pakiti ya maziwa. Fuatisha ile ya senti 1 ya Agosti 2006, kisha hundi za kilimo za Mei 2008, nazo zilizotumika kama pesa: bilioni 5, 25 na 50. Julai 2008 kampuni ya Kijerumani iliyokuwa ikiiuzia benki kuu karatasi ya noti ilisitisha mauzo. Agosti 1 zikakatwa sufuri 10, wakaanza upya na dola 1. Kutoka dola hiyo 1 hadi trilioni 100 haikufika miezi sita! Zipange mezani kwa tarehe uone. Nyingi kati ya hizo ni rahisi kuliko ile maarufu ya trilioni 100.

Kwa Wakongo mfano uko nyumbani: noti ya milioni 5 za zaire, sarafu ya zamani ya nchi yao, iliyotolewa mwishoni mwa 1992. Wanajeshi walilipwa kwayo, wafanyabiashara wakaikataa, na Januari 1993 Kinshasa ikaingia kwenye vurugu na uporaji.

Kama umeamua kununua ile ya Zimbabwe, iinamishe kwenye mwanga: ndege wa Zimbabwe, nembo ya nchi, aliyechapwa kwa wino maalumu lazima abadilike rangi. Iinue dhidi ya taa utafute alama ya maji na uzi wa usalama ulio ndani ya karatasi. Nakala bandia huwa na uzi uliochorwa juu tu. Namba huanza na AA, au ZA kwa noti za kuziba pengo la zilizoharibika kiwandani. Ukikuta noti mbili zenye namba ileile, ondoka. Zile za rangi ya dhahabu zinazometameta si noti kabisa.

Kunjo moja la katikati hushusha daraja la ubora wa noti na bei yake. Usiipige pasi wala kuifua, maana karatasi hulegea na mnunuzi mzoefu huitambua kwa vidole. Albamu za PVC, zile zenye harufu kali ya plastiki, baada ya miaka hunata na kuacha doa, kwa hiyo tumia mifuko ya poliesta. Mombasa, Dar es Salaam au Muscat adui mkubwa ni unyevu, unaoleta ukungu na madoa ya kahawia. Weka vifuko vya silika, vinavyofyonza unyevu, ndani ya kasha, vibadilishe vikishalowa, na kasha lisigusane na ukuta wa nje.