"Tukwame Humo," Alisema Mkalimani

Wiki iliyopita nilihudhuria semina ya kilimo cha mtama hapa Dodoma, ambako mgeni kutoka Uingereza, baada ya salamu, alikunja mikono ya shati lake akasema "Let's get stuck in", na mkalimani wetu, bila hata kupepesa macho, akatutangazia: "Haya, tukwame humo." Mzee mmoja kutoka Bahi aliyeketi kando yangu aliniinamia akauliza, "Mwanangu, tukwame tena? Si ndiyo kwanza tunaanza?"

Nilicheka, kisha nikakasirika. Usemi huo wa mazungumzo ya Waingereza hauna kukwama kokote ndani yake. Maana yake ni kuianza kazi kwa ari, mzimamzima, pasipo kungoja kusukumwa. Ukikiondoa kile kijineno "in" cha mwishoni, ndipo lori linapobaki topeni. Mkalimani aliyapokea maneno moja moja kama karani anayehesabu magunia, maana akaiacha mlangoni, ilhali lugha yake mwenyewe ilikuwa imemwandalia kila kitu. Aliyejifunga kibwebwe haulizwi kama yuko tayari. Aliyelivalia njuga jambo husikika kabla hajaonekana, na sisi tuliokulia kwenye ngoma za Kigogo tunaijua vyema sauti hiyo ya miguuni. "Tujitose" lingetosha kabisa, tena ni neno moja!

Nakiri, shingo upande, kwamba kutafsiri papo kwa papo ni kazi ngumu, na huenda mimi ningetoa kituko kikubwa zaidi. Hata hivyo, kuwahimiza wakulima wakwame, tena katika mji ambao kwa masimulizi ya wenyeji ulipata jina lake kutokana na tembo aliyezama matopeni, ni kukosa haya. Tembo yule alikwama vya kutosha kwa niaba yetu sote.

Waingereza huutumia usemi huo huo hata mezani, kumkaribisha mtu aanze kula bila kujivunga. Basi mchana, ugali wa uwele na mlenda vilipoletwa, mgeni akaurudia kwa furaha ile ile. Mkalimani alifumbua kinywa, akatutazama, akakifumba. Mzee wa Bahi alikuwa ameshanawa, na tonge lake la kwanza lilikuwa limeshazama kwenye mlenda.