Montpellier Si Mji wa Ufukweni, na Agosti Si Mwezi Wake

Ukiitazama Montpellier, mji wa kusini mwa Ufaransa, kwenye ramani ya simu, unaona jina la mji na rangi ya bluu ya Mediterania ubavuni, unadhani utalala ukisikia mawimbi. Huyasikii. Toka katikati ya mji hadi mchangani ni kama kilomita 10, na hapo kati kuna vitongoji, barabara kuu na mabwawa ya maji ya chumvi. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: nenda kwa ajili ya mji wenyewe, bahari ipe nusu siku, na Agosti iache ipite.

Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa atasema joto halimtishi. Lakini joto la kule lina tabia yake. Tarehe 28 Juni 2019, Vérargues, kijiji kilicho kaskazini mashariki ya Montpellier, kilipima nyuzi 46, rekodi ya Ufaransa nzima. Nyumba za mji wa kale ni za mawe: mchana kutwa zinafyonza jua, usiku zinalitoa. Vyumba vya bei nafuu mara nyingi viko ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa, bila kiyoyozi wala lifti. Kabla ya kulipa, tafuta neno "climatisation" kwenye tangazo. Kama halipo, chukulia kiyoyozi hakuna. Tena Agosti wenye migahawa na maduka madogo nao huenda likizo, wanafunga hata wiki mbili tatu, na unabaki na sehemu za watalii.

Wakati mzuri ni Mei na mwanzo wa Juni. Septemba maji ya bahari yangali na joto, ila kuanzia katikati ya mwezi huo hadi Novemba mvua huweza kuja kwa hasira: hewa yenye unyevu kutoka baharini inasukumwa hadi milima ya Cévennes, inapanda, inapoa, inamwaga yote mahali pamoja. Tarehe 29 Septemba 2014 uwanja wa ndege wa Montpellier ulipata milimita 252 ndani ya saa tatu. Idara ya hali ya hewa, Météo-France, hutoa tahadhari kwa rangi. Ikifika chungwa au nyekundu, usikae kando ya mto Lez na usishuke kwenye maegesho ya chini ya ardhi.

Viza ni ya Schengen, ada yake euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000. Ombi hupokelewa miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Linalowakwamisha wengi ni tarehe: bima inaanza siku moja baada ya ndege kutua, au hoteli inaishia kabla ya tiketi ya kurudi. Ukifikia kwa ndugu, barua yake ya kukukaribisha haitoshi. Yeye ndiye aende ofisi ya meya wa mji wake akachukue "attestation d'accueil", hati rasmi ya kumkaribisha mgeni, na akuletee ile ya asili.

Treni ya mwendokasi, TGV, kutoka stesheni ya Gare de Lyon, Paris, hutumia muda wa saa tatu na nusu hivi. Soma tiketi vizuri, maana stesheni ni mbili. Saint-Roch iko katikati, unashuka na kutembea hadi hotelini. Sud de France, iliyofunguliwa 2018, iko nje ya katikati, na baadhi ya TGV husimama huko tu. Kosa hilo huonekana zaidi siku ya kurudi, mtu akiwa Saint-Roch na mabegi yake huku treni inaondokea kwingine.

Mtego mwingine ni tramu. Tangu Desemba 2023 wakazi wa Montpellier na vitongoji vyake husafiri bure, kwa kadi maalumu. Mgeni anawaona watu wanapanda bila kununua wala kugonga chochote, naye anafuata mkumbo. Wakaguzi wakiingia, wenzake wanaonyesha kadi, yeye anaandikiwa faini. Nunua tiketi kwenye mashine ya kituoni, kisha igonge kwenye kifaa cha ndani ya tramu. Tiketi isiyogongwa ni sawa na kutokuwa nayo.

Mji wenyewe unataka miguu, na viatu vyenye soli nzuri, maana mawe ya vichochoroni yamesuguliwa hadi yanateleza. Anzia Place de la Comédie asubuhi, panda rue de la Loge hadi tao la Peyrou, uingie bustani ya juu yenye sanamu ya Louis XIV. Ukiifuata hadi mwisho utaona mfereji wa maji wa karne ya 18 ukitembea juu ya matao yake. Jumanne na Jumamosi asubuhi chini ya matao hayo kuna soko la wakulima, na hapo ndipo pa kununua matunda, si Comédie. Rudi ushukie Jardin des Plantes, bustani ya mimea ya mwaka 1593, kongwe kuliko zote Ufaransa. Ng'ambo ya barabara ni kitivo cha tiba, ambacho kanuni zake za kwanza ni za 1220. Bustani hiyo na jumba la sanaa la Fabre hufungwa Jumatatu, kwa hiyo Jumatatu ndiyo siku ya bahari.

Kwa tramu, panda laini ya 3, ila tazama kibao cha mbele: njia hugawanyika, na unayoitaka ni Pérols Étang de l'Or, si Lattes. Hapo bado unabakiwa na mwendo hadi mchangani. Baiskeli ni bora, kwani njia ya kando ya Lez ni tambarare hadi Palavas, mji wa ufukweni, na mabwawani utawaona heroe wakichakura tope. Aliyezoea bamvua za pwani yetu atashangaa: maji hayapwi wala hayajai kiasi cha kuonekana. Na upepo wa bara ukivuma siku kadhaa, husukuma maji ya juu yenye joto kwenda mbali na ya chini yanapanda, basi hata Julai unaweza kukuta bahari baridi chini ya jua kali.

Kula kwa saa zao: mchana saa sita hadi saa nane, kisha jiko linazimwa hadi saa moja na nusu jioni. Omba "une carafe d'eau", maji ya bomba ni salama na hayalipiwi. Asiyekula nguruwe aulize juu ya "lardons", vipande vidogo vya nyama hiyo vinavyojificha hata kwenye saladi. Maduka ya halali yako mengi upande wa Plan Cabanes. Na usiulize bei kabla ya kusema "bonjour"; utajibiwa kama ulivyoanza.

Mpenda pweza apande treni hadi Sète, chini ya nusu saa, akanunue "tielle": chapati nene ya unga wa hamira iliyofunikwa, ndani pweza aliyekatwakatwa kwenye rojo ya nyanya yenye pilipili. Huliwa vuguvugu. Ukibaki nayo, ipashe kwenye oveni, kwa sababu maikrowevu hulainisha unga hadi unakuwa kama mpira.