Homa na tumbo: tuoteshe damu au tuchome sindano kwanza?

Hapa Dar mtu akiwa na homa na tumbo linamsumbua, jibu analotoka nalo zahanati linajulikana: malaria hamna, taifodi ipo, kachome sindano za antibayotiki siku tano. Hiyo taifodi mara nyingi imesomwa kwenye Widal, kipimo cha tangu 1896 ambacho hakimtafuti bakteria mwenyewe, kinatafuta kinga ambayo mwili umetengeneza, na kinga hiyo inaweza kuwa ya ugonjwa uliopona kitambo au ya kijidudu kingine kabisa.

Sasa kuna wadudu wa nadra wanaotoka tumboni kuingia kwenye damu na Widal haiwezi kuwaona. Mfano Streptococcus gallolyticus, zamani akiitwa bovis, huyu akiota kwenye damu iliyooteshwa maabara, yaani kalcha, daktari makini haishii kuandika dawa, anataka utumbo mpana uangaliwe kwa kamera na moyo upigwe ultrasaundi, kwa sababu tangu miaka ya 1970 imejulikana anaambatana na saratani ya utumbo mpana na anapenda kukaa kwenye vali za moyo. Clostridium septicum naye hivyo hivyo kwenye saratani. Bacteroides fragilis akionekana unatafuta jipu au utumbo uliotoboka. Yaani jina la mdudu ndo linakwambia pa kutazama, ukishusha homa bila kulijua, mtu anarudi nyumbani Mbagala na uvimbe wake humo humo tumboni.

Ila wanaosema choma kwanza nawaelewa, na wana hoja nzito. Sepsisi, yaani mwili kuzidiwa na maambukizi, inaua ndani ya masaa wakati kalcha inataka siku kadhaa, na hela, na wengi hawana bima. Ngozi isiposafishwa vizuri kinaota kijidudu cha ngozi tu, mgonjwa anapewa dawa asizohitaji. Na Bacteroides haoti kwenye chupa yenye oksijeni, anataka chupa yake maalum, kwa hiyo unaweza kulipa na bado ukamkosa.

Kinachoniuma ni kwamba tunabishana kama vile lazima uchague kimoja. Kutoa damu ni dakika chache! Toa mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa kwa mtu mzima, halafu sindano ichomwe hapo hapo, majibu yatafuata. Sisemi kila zahanati iwe na maabara ya kuotesha, haiwezekani, lakini mtu ambaye homa imerudi baada ya dozi, au tumbo limekuwa gumu, au ana umri mkubwa na anakonda bila sababu, huyo apelekwe hospitali yenye kalcha kabla hajachomwa dozi nyingine, labda awe na hali mbaya ya kutosubiri. Maana akifika ameshachomwa siku tatu, chupa inaweza kukaa bila kuota kitu, karatasi inaandikwa hakuna kilichoota, na ndugu wanaisoma kama hana ugonjwa.