Taa za ziada kwenye pikipiki: rilei, au kuunga tu?

Ukimwomba fundi wa umeme pale Grogan, Nairobi, akufungie taa mbili za ziada, ana njia mbili za kuzipatia moto. Anaweza kuunga kwenye waya wa taa kubwa, au atoe waya mpya kutoka kwenye betri na kuweka rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Wanaopinga rilei husema ni gharama bure. Hawakosei kila mara.

Kuunga kwenye taa kubwa ni kazi fupi yenye viungo vichache, na taa huzimika pamoja na taa kubwa, hivyo si rahisi kuamka ukute betri imekufa. Kwa taa mbili za LED za wati 10 kila moja hesabu inakubali: wati 20 gawanya kwa volti 12 ni kama ampea 1.7.

Weka mbili za wati 20 uone. Taa kubwa ya pikipiki nyingi za boda ni wati 35, yaani ampea 3 hivi, na waya pamoja na swichi ya usukani vilitengenezewa mzigo huo. Ukiongeza wati 40 unapita ampea 6. Plagi nyuma ya taa inageuka kahawia, plastiki inalegea, na taa kubwa yenyewe inafifia. Pikipiki nyingi ndogo zina fyuzi moja tu. Waya ukichunika na kugusa chuma, unabaki gizani Kangundo Road, na huenda hata injini ikazima.

Kwa mzigo huo rilei inastahili bei yake. Chanya ya betri ipite kwenye fyuzi ya ampea 5, isiyozidi sentimita 15 kutoka kwenye betri, kisha iingie pini namba 30 ya rilei. Pini 87 iende kwenye taa, 85 kwenye hasi, na 86 ipate amri ya kuwaka kutoka waya wa taa ndefu (full) kupitia swichi ndogo. Waya wa milimita 1 ya mraba unatosha. Faida ninayoipenda zaidi: ukishusha taa, za ziada zinazimika, na anayekuja mbele haoni kiwi.

Kabla ya hapo pima waya wa taa kwa multimita, kile kipimo cha umeme. Kwenye baadhi ya pikipiki ndogo, taa kubwa hupata umeme wa AC (unaogeuka mwelekeo kila mara, tofauti na wa betri) moja kwa moja kutoka kwenye koili za injini. Rilei itanguruma na LED zitapepesa. Hapo chukua amri kwenye waya wa honi wenye moto ufunguo ukiwashwa, ila itabidi uzime mwenyewe ukikutana na mtu.

Rilei nayo ina udhaifu wake, hasa maji. Mashine ya presha ya kuoshea pikipiki husukuma maji kwenye viungo vya tepu, shaba ikaota kutu ya kijani. Funga rilei pini zikitazama chini, na kwenye shingo ya usukani acha waya ulegee. Geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili kabla ya kukaza.

Lakini rilei haizalishi umeme. Washa taa zote, kanyaga breki, shika mafuta ya wastani, upime betri. Volti 13.5 hadi 14.5 ni sawa. Ikisoma chini ya 13, mzigo umeishinda chaji; rudisha taa hizo uchukue za wati ndogo.